Duara la Udongo

Kazi yangu ya kwanza katika jumba la sanaa ilikuwa kufagia kinyesi cha popo. Jengo lenyewe lilikuwa ghala la pamba pale Kambarage, mali ya ukoo mmoja wa wafanyabiashara wa Kihindi waliokaa Shinyanga tangu enzi za babu zao. Biashara ya pamba ilipowaishia, ghala likabaki tupu miaka mingi, mpaka walipokubali litumike kuonyeshea kazi za mikono za watu wa huku kwetu. Popo hawakuarifiwa. Wiki mbili nzima nilifagia, nimejifunga khanga puani, huku nikijiuliza kama hii ndiyo kazi niliyoachia ualimu wa kujitolea kule Ibadakuli.

Niliajiriwa niwe mtu wa elimu. Maana yake nilikuwa naandika barua kwa wakuu wa shule, napanga siku za wanafunzi kuja, naandaa maswali ya kuwauliza, na kuhakikisha hakuna anayeegemea ukuta uliopakwa rangi jana. Lakini tulikuwa watatu tu, pamoja na mlinzi, kwa hiyo kila mmoja alifanya kila kitu. Nilijifunza kuchanganya chokaa. Nilijifunza kufunga chungu ndani ya sanduku la pumba za mpunga kiasi kwamba ukilitikisa hukisikii. Nilijifunza kuandika lebo, yale maelezo mafupi yanayobandikwa pembeni ya kitu, na nikagundua kwamba kuandika maneno arobaini ya kweli ni kazi ngumu kuliko kuandika kurasa nne.

Aliyenifundisha hayo yote ni msimamizi wa maonyesho, mama mmoja mwenyeji wa Nyahanga, Kahama, mwembamba, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Tulimwita madam. Alikuwa mkali kama pilipili kwa jambo moja: kugusa. Mwenyewe alivaa glavu hata anaposogeza kikombe cha bati. Mwanafunzi akinyoosha kidole tu, alikuwa anasema kutoka mwisho wa chumba, bila kupaza sauti, "Macho, mwanangu. Tumia macho." Na mtoto anarudisha mkono kama aliyegusa sufuria ya moto.

Mwaka wangu wa pili tukaanza kuandaa maonyesho ya udongo. Madam alitaka vyungu vya kupikia, mitungi ya maji, na vyombo vikubwa vya pombe ya mtama ambavyo siku hizi watu wamevigeuza vya kuhifadhia mahindi. Tukazunguka vijijini kwa gari la kuazima. Huko ndiko tulikoelekezwa kwa mfinyanzi mmoja mkoani Geita, mama wa makamo aliyesifiwa kwamba vyungu vyake havipasuki motoni.

Tulifika kwake asubuhi. Akatupokea kwa mwangaluka nyingi, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, akatupa viti, akatuonyesha vyungu vyake vilivyopangwa kwenye ukuta wa nyumba. Vilikuwa vizuri kweli. Madam akachagua vinne, nikaandika vipimo kwenye daftari. Tulipokuwa tunajiandaa kuondoka niliomba kwenda msalani, na nilipokuwa narudi, nyuma ya jiko, nikaona vitu ambavyo sikujua niviite nini.

Vilikuwa vya udongo uliochomwa, lakini havikuwa vyombo. Kimoja kilikuwa kama kipande cha kilima kilichokatwa kwa kisu, na ndani ya mkato ule ulikuwa unaona ngazi ndogo za miti, zimeshuka, zimepinda, zikaingia kwenye chumba, na kutoka kwenye chumba njia mbili nyembamba. Kingine kilikuwa ukuta uliojaa alama za patasi, kila alama ndogo kama ukucha. Nikachuchumaa. Nikahesabu vitu vinane vya namna hiyo. Cha tisa kilikuwa kikubwa kama mtungi wa pombe, umbo la kichuguu, kimezibwa pande zote isipokuwa tundu moja juu, pana kama kikombe cha chai.

Nilimwita madam. Alikuja, akavaa miwani yake, akainama.

"Hivyo si vyungu," sauti ilisema nyuma yetu. "Hizo ni njia."

Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, amekaa kwenye kigoda kivulini mwa jiko, mikono imejaa udongo mbichi mpaka kwenye viwiko. Hakuwa ametuelekezea uso. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, na kuzunguka macho ngozi ilikuwa na madoa ya buluu nyeusi, kama mtu aliyerushiwa wino.

"Ni kaka yangu," alisema yule mfinyanzi, kama anayeomba radhi. "Alikuwa mchimbaji. Baruti ilimharibu macho. Sasa nimempa udongo asikae bure. Watu wananicheka, wanasema mwanamume gani anafinyanga."

Nikamwamkia. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyechuchumaa? Nimesikia magoti."

Nilikaa naye karibu saa nzima, huku madam akipiga picha. Alinieleza kwamba alikaa chini ya ardhi zaidi ya miaka ishirini, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, yale wanayoyaita maduara. Alisema chini kule tochi inakuonyesha hatua mbili tu. Mengine yote unayajua kwa kiganja na kwa mgongo. Ukuta wenye maji unaujua kwa mkono. Dari inayotaka kushuka unaijua kwa mgongo. Kwa hiyo alipopoteza macho, alisema, juu ya ardhi ndiko alikopotea. Chini bado alikuwa anapaona pote.

"Hiki ni duara gani, baba?" nilimuuliza nikigonga kidogo kile kikubwa.

Mkono wake ulikuja ukakikuta pale pale kilipo, bila kupapasa. "Hilo ni duara la mwisho," alisema. "Hilo limefungwa."

Sikuuliza zaidi. Nikaandika kwenye daftari: Duara la mwisho, limefungwa. Nilidhani anazungumzia umbo.

Ilituchukua wiki kadhaa kumshawishi. Dada yake ndiye aliyetusaidia. Mwishowe alikubali vyote tisa viende Shinyanga, kwa sharti moja, kwamba kile kikubwa kisilazwe ubavu njiani. Mimi na madam tulipakia wenyewe. Kile kikubwa tukakitengenezea kreti la mbao, tukakizungushia magunia ya pumba, na kutoka Geita hadi Kahama nilikaa nyuma ya gari nimekikumbatia kama mgonjwa. Nyahanga, nyumbani kwa madam, tulisimama tukakagua kila sanduku, tukanywa uji, tukaendelea. Tulipofika Kambarage mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, lakini hakuna kilichovunjika.

Tukakiweka kile kikubwa katikati ya ghala, juu ya meza ndefu ya mninga, na vile vinane kando yake. Lebo niliiandika mara nne. Ya mwisho ilisema hivi: "Kichuguu chenye tundu. Udongo wa kichuguu na vigae vilivyosagwa. Msanii alikuwa mchimbaji, na anaonyesha namna ardhi inavyoficha utajiri wake." Madam alisoma, akatikisa kichwa kukubali. Niliona fahari.

Watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Wachimbaji walikuja na jamaa zao, wakasimama mbele ya vile vipande vilivyokatwa wakibishana njia ipi ni ya hewa na ipi ya kupandishia mawe. Lakini mbele ya kile kikubwa watu walichungulia tunduni, wakaona giza, wakasoma lebo yangu, wakapita.

Mwezi wa pili wa maonyesho nikapokea simu kutoka kwa mwalimu wa shule moja ya msingi yenye kitengo cha wanafunzi wasioona. Alikuwa amesikia kwamba aliyetengeneza vitu vile haoni. Aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kukataliwa, kama wanafunzi wake wangeweza kuja.

"Waje," nilisema, kabla sijafikiri. Kisha nikaenda kwa madam.

Alikuwa ofisini anasafisha fremu. Nilipomweleza, aliweka kitambaa chini.

"Waje wafanye nini?"

"Waguse, madam."

"Haiwezekani."

"Iliyovitengeneza ni mikono, madam. Mwenyewe hakuviona hata kimoja."

"Najua vimetengenezwa na nini. Na najua pia kwamba mwenyewe amenikabidhi mimi. Kikivunjika nitakwenda kumwambia nini? Kwamba nilihurumia watoto?"

Nje mlinzi alikuwa anamwagilia miche ya bogonvilia. Mwishowe madam akasema, "Vitatu. Vile vidogo vigumu, chagua mwenyewe. Na nitakuwepo."

Walikuja kumi na mmoja, wa darasa la nne mpaka la sita, na mwalimu wao anayeona. Waliingia wameshikana mabega kwa mstari mmoja, na walipofika katikati ya ghala wakasimama, wakanyanyua nyuso, kila mmoja akisikiliza ukubwa wa chumba. Msichana mmoja alipiga makofi mara moja, akatabasamu. "Bati liko juu sana," aliwaambia wenzake.

Niliwakalisha kwenye mkeka nikawaeleza habari za yule baba. Nikawaambia vitu vyake viko tisa. Kisha nikawaletea vile vitatu, kimoja kimoja, nikaviweka mapajani mwao.

Nimefundisha watoto wengi. Sijawahi kuona darasa linalosoma namna ile. Hakuna aliyeharakisha. Vidole vyao vilikwenda kama watu wanaoingia nyumba ya ugenini, kwanza mlangoni, kisha ukutani, kisha ndani. Mvulana mmoja alifika kwenye ngazi akaanza kuhesabu vipago, vile vijiti vya kukanyagia, kwa ukucha, akasema kwamba cha tano kimevunjika. Nilisema hapana, hakuna kilichovunjika. Akanishika kidole akakipeleka. Kipago cha tano kilikuwa kimevunjika kweli, na kilikuwa kimefungwa kamba, kamba ya udongo nyembamba kama uzi, mizunguko mitatu. Nilikuwa nimekipangusa kitu kile kwa brashi kila Jumatatu na sikuwahi kuiona ile kamba.

Nikamwangalia madam. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika miwani yake mkononi.

Walipomaliza, yule msichana aliyepiga makofi, wa darasa la sita, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, umesema viko tisa."

"Ndiyo."

"Tumegusa vitatu."

Mwalimu wake akaanza kumkanya, kwamba tushukuru kwa tulichopewa. Nilianza kusema kitu kuhusu taratibu za jumba. Ndipo nikasikia viatu vya madam vikija taratibu kwenye sakafu ya saruji.

"Nani amevaa saa?" aliuliza. "Nani amevaa bangili? Vueni. Kunjeni mikono ya mashati." Kisha, kwangu, kwa sauti ya chini, "Shika meza upande ule. Mimi nashika huku."

Basi tukasimama, mimi na yeye, tumeshikilia meza ya mninga kama watu wanaozuia mtumbwi, na watoto wakapita mmoja mmoja kwenye vitu vyote vilivyosalia. Kile kikubwa kilikuwa cha mwisho. Wengi walikizungusha viganja nje, wakasikia mkwaruzo wa udongo, wakatia vidole viwili tunduni, wakatoka. Walikuwa na haraka kidogo sasa, kwa sababu harufu ya maandazi ya mapumziko ilikuwa imeingia.

Yule msichana hakuwa na haraka. Alikuwa mdogo wa umbo, mikono yake miembamba kama fito. Akakusanya vidole vyote vitano pamoja, akauingiza mkono, taratibu, ukapita kiganja, ukapita kifundo.

"Kuna njia," alisema. "Inakata kushoto."

"Taratibu, mwanangu," madam alisema.

Akaendelea mpaka kwenye kiwiko. Shavu lake lilikuwa limelala juu ya udongo. Kisha akatulia kabisa, kama mtu aliyeguswa.

"Kuna mtu humu."

Nilidhani anatania. Mwalimu wake alicheka.

"Kuna mtu," alirudia. "Anapanda. Mikono yake iko juu. Amebeba kitu mgongoni, kama dumu." Mkono wake ukazunguka ndani kidogo kidogo. "Kuna mwingine huku chini. Huyu amekaa. Huyu hapa amekaa naye, wamepeana mgongo. Huyu amelala ubavu, mkono wake uko chini ya kichwa. Huyu ameshika mti, anausimamisha. Huyu..." Alijinyoosha, akasimama kwa vidole vya miguu. "Huyu anakula. Na huyu wa mwisho simfikii vizuri, nafikia kichwa tu. Amevaa kofia."

Miezi miwili nilikaa na kitu kile. Nilikipakata kutoka Geita. Nilikiandikia lebo. Na muda wote huo, ndani yake, gizani, kulikuwa na watu saba.

Madam aliweka kiganja chake kwenye mgongo wa msichana. "Toa mkono taratibu," alisema, na sauti yake haikuwa ile ninayoijua. "Taratibu hivyo hivyo ulivyoingia."

Niliwapeleka watoto kwenye maandazi. Kisha nikatoka nje nikampigia simu yule mfinyanzi, nikaomba niongee na kaka yake. Nilipomsikia, badala ya kumwamkia, nikasema tu, "Baba, kuna watu ndani ya duara."

Nilidhani mtandao umekata.

"Nani amewafikia?" aliuliza.

"Msichana wa shule. Haoni. Mkono wake ni mdogo."

"Wako wote?"

Sikuelewa.

"Nauliza, wako wote, mwanangu? Niliwatia kabla sijafunga juu. Baada ya hapo mkono wangu hauingii. Sikujua kama moto uliwapasua. Sikujua kama gari liliwaangusha. Nimekaa huku sijui." Alivuta pumzi. "Huyo msichana yupo hapo?"

Nilirudi ndani mbio. Msichana alikuwa na andazi mdomoni. Nikamweleza kwa kifupi ni nani anayetaka kuongea naye, akafuta mikono kwenye sketi yake, akasimama wima kama wa paredi. Tukaenda kwenye ile meza, mimi, yeye na madam. Nikaiweka simu kwenye spika.

"Shikamoo, babu," alisema msichana.

"Marahaba. Ingiza mkono tena, mjukuu wangu. Uniambie mmoja mmoja. Anza juu."

Aliingiza. "Wa kwanza anapanda. Ana dumu."

"Mzima?"

"Mzima. Miguu yote miwili."

"Huyo ni mimi," alisema. "Nilitumwa maji. Endelea."

"Wawili wamekaa, wamepeana migongo."

"Hao ni ndugu. Wa tumbo moja. Walikuwa hawapendi kuangaliana wakipumzika, wanasema wanaonana nyumbani inatosha. Wazima?"

"Mmoja pua imekatika, babu."

Tukamsikia anacheka, kicheko kifupi. "Hata ile yake halisi ilikuwa kubwa mno. Endelea."

Msichana akamtajia wa nne, aliyelala mkono chini ya kichwa, na yule baba akasema huyo alikuwa amekesha na mtoto mgonjwa, walimwachia asinzie. Akamtajia anayesimamisha mti, naye akasema huyo ndiye aliyekuwa anafunga matimba, magogo ya kuzuia dari, fundi ambaye alikuwa anagonga gogo kwa kifundo cha kidole na kujua kama linafaa. Akamtajia anayekula. "Viazi," alisema yule baba. "Daima viazi."

"Wa saba namfikia kichwa tu," alisema msichana. "Ana kofia."

"Basi mwache hapo. Alikuwa mkubwa wetu. Alipenda kukaa mwisho kabisa, awe wa mwisho kutoka." Kisha akashukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, mjukuu wangu. Wabeja sana."

"Babu, walitoka?"

Madam alifumba macho. Mimi niliangalia sakafu.

"Hapana," alisema yule baba. "Nilikuwa nimefika mdomoni mwa shimo, nashika ukingo, ndipo baruti ya duara la jirani ilipoamsha ardhi. Mimi ilinichukua macho. Wao hawakupatikana. Duara likafukiwa, likafungwa. Lakini wewe umewafikia."

Msichana alifikiri. Kisha akasema, "Wamekaa vizuri, babu. Hakuna aliyeanguka."

Nilimsikia yule baba akilia. Hakujificha. Dada yake alichukua simu, akatuaga, akasema atatupigia.

Wiki ile mimi na madam tulibishana sana, kwa heshima, lakini sana. Yeye alitaka tuazime kamera ndogo yenye mrija, ile wanayoingizia mafundi kwenye mabomba, tuingize tunduni na kuwaonyesha watu picha kwenye skrini ukutani. Alisema kazi kubwa namna hii haistahili kufichwa. Mimi nilisema aliyeificha ni mwenyewe. Hatukuafikiana, basi tukafanya lililopaswa kufanywa tangu mwanzo: tukaenda Geita kumuuliza.

Alitusikiliza mpaka mwisho, vidole vyake vikibonyeza donge la udongo.

"Picha hapana," alisema. "Wale hawakuonekana na mtu. Atakayewataka awatafute kwa mkono."

"Na lebo, baba?" niliuliza. "Nimeandika uongo pale. Niandike nini?"

"Umeandika nini?"

Nikamsomea kwa aibu habari ya ardhi kuficha utajiri wake. Alitikisa kichwa akifikiri. "Si uongo," alisema. "Ila hukujua utajiri upi."

Madam ndiye aliyepata jibu, tukiwa njiani kurudi. Tulikuwa tumepita Kahama, akasema ghafla, "Tutaandika lebo mbili." Na ndivyo ilivyokuwa. Ya maandishi ya kawaida tuliiacha vile vile, kwa ridhaa ya yule baba. Ya pili tuliichapisha kwa nukta nundu, maandishi ya wasioona, kwa msaada wa shule ile, tukaibandika ukingoni mwa meza pale mkono unapotua. Hiyo ndiyo iliyosema kuna nini ndani, nani ni nani, na nani alikuwa anakula viazi. Waliojua kuisoma walikuwa watoto kumi na mmoja, walimu wachache, na mtu mmoja mzima aliyesafiri kutoka Mwanza kwa ajili hiyo tu. Wengine wote waliona vinukta vyeupe na kupita. Mara nyingine mtu alikuwa anauliza, "Hii imeandikwa nini?" na mimi nilikuwa nasema, "Tafuta wa kukusomea." Wachache walitafuta.

Madam alibadilika pia, ingawa angekataa ukimwambia. Kila Alhamisi asubuhi ikawa siku ya mikono. Glavu tuliweka kando, tukaweka beseni la maji na sabuni mlangoni. Alikuwa anasimama pale mwenyewe akikagua kucha.

Wiki za mwisho za maonyesho akaja mwanamke mmoja peke yake, mchana, jua kali, ghala halina mtu. Amevaa vitenge viwili, viatu vya plastiki, vumbi mpaka magotini. Hakuangalia vyungu. Hakuangalia ukutani. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Kipi?" aliuliza.

"Kipi nini, mama?"

"Kile walimo. Nimetoka Geita. Mfinyanzi kaniambia."

Nikamwonyesha. Alikizunguka mara moja, taratibu, kama unavyozunguka nyumba kabla ya kupiga hodi. Kisha akajaribu kuingiza mkono. Ulikuwa mkono wa mtu wa jembe, mpana, vifundo vimevimba, haukupita zaidi ya vidole. Akajaribu tena kwa upande. Nilitaka kumwambia kuna mtoto anayeweza kumsaidia, kwamba tukipiga simu shuleni wataweza kumleta. Sikusema, kwa sababu alikuwa ameutoa mkono, ameshika tundu kwa viganja viwili, akainama, akaweka mdomo pale.

"Mwadila," alisema ndani, salamu yetu ya mchana.

Alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayefika nyumbani mchana na kuwakuta watu wamekaa. Udongo ule, mtupu na mzito, uliichukua sauti yake, ukaizungusha mule ndani, ukairudisha kwa upole, imeshuka kidogo, nene. Aligeuza kichwa, akaweka sikio. Alikaa hivyo. Sijui alikaa muda gani. Mimi nilikuwa nimesimama na brashi yangu, siwezi kukohoa wala kuondoka. Nimeingia makanisani, nimesimama kwenye makaburi ya watu wangu, lakini sijawahi kuwa mahali palipojaa kama ghala lile mchana ule.

Aliponyanyuka uso wake ulikuwa mkavu na mtulivu. Hakuniambia ni mke wa nani. Nami sikumuuliza. Akapangusa ukingo wa tundu kwa pembe ya kitenge chake, pale alipoweka mdomo, kama mtu anayerudisha kikombe cha watu.

"Wabeja," aliniambia. Kisha akauliza stendi iko upande gani, kwa sababu alikuwa amefika Shinyanga kwa mara ya kwanza. Nilifunga mlango nikamsindikiza mwenyewe. Njia nzima alinisimulia habari za mpunga wake, kwamba mvua mwaka huu imewahi, na kwamba akichelewa kurudi ndege watakula mbegu.